Chattahoochee, Savannah, Altamaha au Okefenokee: uchague maji yapi ya Georgia?

Familia zinazozungumza Kiswahili zimeongezeka sana Clarkston, Stone Mountain na pembezoni mwa Atlanta, na joto la Juni likianza swali huwa lile lile: Jumamosi twende maji gani? Wengi wetu tumekulia karibu na maji. Kuna watu wa Uvira na Baraka, wa Kigoma, wa Kisumu, wa Mombasa. Tunatafuta pa kutupa ndoano, pa kuchoma nyama na pa watoto kuchezea. Anayeuliza hujibiwa "nendeni Ziwa Lanier", kwa kuwa ndiko aliyejibu alikopelekwa mara ya kwanza.

Lanier ni pazuri. Lakini jimbo la Georgia lina mabonde makuu 14 ya mito, yaani maeneo ambayo mvua yake huishia kwenye mto mmoja, na maji ya bonde moja hayafanani na ya jingine kwa rangi, kwa baridi, kwa samaki wala kwa hatari zake. Ukijua maji yametoka wapi na nani anayazuia njiani, tayari unajua mengi kabla ya kuwasha gari. Ndiyo maana nashauri mtu achague bonde kwanza, ziwa baadaye. Hapa nalinganisha mabonde manne, na la tano nitaligusa kwa ufupi.

Ramani kabla ya safari

Mtu aliyezaliwa kando ya Tanganyika au Nyanza aanze na hili: Georgia haina ziwa kubwa la asili hata moja. Kila ziwa kubwa unaloliona kwenye ramani yake ni mto uliozibwa kwa ukuta katika karne ya 20, bonde likajaa maji. Chini ya maji hayo kuna mashamba, barabara za zamani, misingi ya nyumba na visiki. Ndiyo maana unaweza kutembea maji yakiwa kiunoni, hatua inayofuata ukakosa pa kukanyaga.

La pili, mgongo wa ardhi unaogawa maji ya Atlantiki na ya Ghuba ya Meksiko unapita Atlanta na kaunti ya DeKalb. Mvua inayonyesha upande mmoja wa Decatur huingia kijito cha Peachtree, kisha Chattahoochee, na mwisho wake ni Ghuba. Inayonyesha upande wa pili huingia South River, kisha Ocmulgee, kisha Altamaha, na kuishia Atlantiki. Majirani wa mtaa mmoja wanaweza kuwa watu wa bahari mbili.

La tatu, chora mstari kutoka Columbus kupitia Macon hadi Augusta. Kaskazini mwake ni miamba, udongo mwekundu, milima na mabwawa. Kusini mwake ni mchanga, tambarare, mito inayojipindapinda, misitu iliyosimama majini, na mamba.

Vigezo nilivyotumia

Kila bonde nimelipima kwa mambo yale yale: maji yenyewe, samaki na kama wanalika, watoto na usalama, safari, na aina ya watu linaowafaa. Uzuri wa picha sikuupima, maana kote kunapendeza.

Kuna sheria zinazokuhusu popote uendapo. Kila mwenye miaka 16 na kuendelea anahitaji leseni ya kuvua ya Idara ya Maliasili ya Georgia, inayopatikana mtandaoni au kwenye maduka yanayouza vifaa vya uvuvi. Trauti, samaki wa maji baridi, ana leseni yake ya ziada. Nyavu tulizozizoea nyumbani zitakuingiza matatani. Tumia fimbo na mshipi. Mtoto wa chini ya miaka 13 lazima avae jaketi la kuokolea boti ikiwa inatembea. Na idara hiyo hutoa mwongozo wa kula samaki, mto kwa mto, unaosema aina gani ule mara ngapi kwa mwezi. Mama mjamzito na watoto wadogo ndio unaowahusu zaidi, na nawaomba wote wausome.

1. Chattahoochee na Ziwa Lanier

*Maji.* Mto unaanza kwenye milima ya Blue Ridge, unapita mji mdogo wa Helen na kuingia Lanier. Ukitoka kwenye bwawa la Buford, lililokamilika 1956, unapita kando ya Atlanta na kwenda kuwa mpaka wa Georgia na Alabama. Kwenye Ziwa Seminole unakutana na mto Flint, na kutoka hapo unaingia Florida kwa jina la Apalachicola. Lanier ina ekari kama 38,000. Eneo linalokusanya mvua juu ya bwawa ni dogo, takriban kilomita za mraba 2,700, ilhali sehemu kubwa ya Atlanta inakunywa humo. Ukame wa 2007 ulilishusha ziwa karibu mita 6, sehemu za kushushia boti zikabaki nchi kavu. Georgia, Alabama na Florida zimevutana juu ya maji haya tangu 1990. Kesi ya Florida dhidi ya Georgia ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani na Florida ikashindwa mwaka 2021.

Lililo muhimu kwako ni kwamba bwawa linatoa maji ya chini kabisa ya ziwa. Hata Julai yanatoka na baridi ya nyuzi 10 hivi.

*Samaki.* Baridi hiyo ndiyo inayomweka trauti hai karibu na jiji kubwa la kusini, jambo ambalo joto la Georgia lisingeruhusu. Ziwani kuna besi wa mistari, besi wa madoa na kambare. Besi wa mistari wa Lanier huhama na majira, na bila boti utawasikia kwa wenzako tu.

*Watoto na usalama.* Hapa nitakaa kidogo. Bwawa likifunguliwa kuzalisha umeme, mto ulio chini yake hupanda haraka sana, mita kadhaa katika sehemu za karibu. Ving'ora hulia kabla. Ukivisikia, toka majini bila kurudi kuchukua viatu. Kutoka bwawani hadi daraja la barabara namba 20, sheria inamtaka kila mtu avae jaketi, mkubwa kwa mdogo.

Lanier yenyewe imeua watu wengi, na katika mazungumzo yetu husemwa kwamba ina majini, kwamba kuna makaburi na mji wa watu weusi chini yake. Historia ya msingi ni ya kweli na inauma. Mwaka 1912 watu weusi wa kaunti ya Forsyth walifukuzwa kwa nguvu, na sehemu ya Oscarville, walikokuwa wakiishi baadhi yao, ilifunikwa na ziwa miaka zaidi ya 40 baadaye. Hiyo inastahili kukumbukwa kwa heshima, wala si kugeuzwa hadithi ya kutishana. Wanaokufa leo wanakufa kwa pombe, kwa kukosa jaketi, kwa kina kinachoshuka ghafla, kwa boti nyingi mahali pamoja, na wakati mwingine kwa umeme unaovuja kwenye magati ya boti. Fukwe za bustani za umma hazina waokoaji. Mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi hata akiwa amekaa ukingoni, na mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu, kumtazama. Simu iwekwe kwenye gari.

*Safari.* Kutoka Clarkston ni kama saa moja. Wikendi za joto viegesho hujaa mapema, na bustani nyingi hutoza ada ya gari. Ukitaka mto badala ya ziwa, kuna hifadhi ya taifa ya burudani kando ya Chattahoochee, iliyoanzishwa 1978 wakati wa Rais Jimmy Carter, yenye njia za kutembea na sehemu za kuingilia majini. Baada ya mvua kubwa mto huwa mwekundu na mchafu, kwa hiyo angalia kwanza vipimo vya bakteria vinavyotangazwa mtandaoni kwa ajili ya hifadhi hiyo.

*Panamfaa nani.* Mwenye nafasi ya siku moja, mwenye wageni, mpenzi wa trauti. Hapamfai anayetaka utulivu Jumamosi ya Julai.

2. Savannah na maziwa yake matatu

*Maji.* Mto Savannah ni mpaka wa Georgia na South Carolina, na bonde lake lina zaidi ya kilomita za mraba 27,000. Umezibwa mara tatu mfululizo: Hartwell, Russell, kisha Clarks Hill. Hilo la mwisho lina ekari kama 71,000, karibu mara mbili ya Lanier, na ramani za serikali kuu huliita J. Strom Thurmond. Usichanganyikiwe ukiona majina mawili, ziwa ni hilo hilo. Maziwa yote matatu yanaendeshwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani. Chini ya Augusta mto unapita misitu ya majini hadi bandari ya Savannah.

*Samaki.* Besi, kambare, na wale wadogo bapa wanaofaa kikaangoni wakiwa wazima. Wavuvi wa ukingoni wana nafasi nzuri kuliko Lanier, kwa sababu kingo ni ndefu na watu wametawanyika. Leseni ya Georgia inatambuliwa kwenye mto wenyewe na maziwa ya mpakani, ila usiingie kwenye vijito vya upande wa South Carolina ukidhani bado inakulinda. Hartwell ina tatizo la zamani: kemikali za kiwandani ziitwazo PCB ziliingia kupitia kijito cha upande wa pili, na mwongozo una masharti makali kwa baadhi ya samaki wake. Kama lengo ni kujaza friza, nenda Clarks Hill, na mwongozo uusome vilevile.

*Watoto na usalama.* Hatari ni zile zile za mabwawa: kina cha ghafla, visiki, hakuna waokoaji. Faida ni nafasi. Unaweza kupata hori lenu peke yenu na kumwona kila mtoto.

*Safari.* Saa mbili hivi kwenda Clarks Hill kwa barabara ya I-20. Hartwell nayo haitofautiani sana, kwa I-85. Bustani za jimbo kama Mistletoe na Elijah Clark zina vibanda vya kulala na sehemu za mahema, na mkichanga familia tatu kibanda hakiumizi mfuko. Russell ina upekee wake: nyumba na magati ya watu binafsi hayakuruhusiwa kuizunguka, kwa hiyo mwambao wake umebaki msitu. Kati ya maziwa makubwa ya Georgia, mimi naliona hilo kuwa zuri kuliko yote kwa jioni ya kimya.

*Panamfaa nani.* Kikundi kikubwa, mkusanyiko wa kanisa au ukoo, wavuvi wasio na boti, na yeyote anayeweza kulala usiku mmoja.

3. Altamaha, pamoja na Ocmulgee na Oconee

*Maji.* Hili ndilo bonde kubwa kuliko yote yaliyo ndani ya Georgia, takriban kilomita za mraba 36,000, karibu robo ya jimbo. Ocmulgee na Oconee hukutana karibu na Hazlehurst, na kutoka hapo Altamaha inatiririka kilomita 220 hivi hadi baharini karibu na Darien bila bwawa hata moja. Mabwawa yapo juu, kwenye matawi, kama Ziwa Oconee na Ziwa Sinclair. Chini, mto unafurika na kupungua wenyewe, kama mito tuliyoiacha nyumbani. Ukipungua, unaacha fungu za mchanga mweupe katikati ya msitu.

*Samaki.* Kwa kambare hakuna pa kulinganisha. Kambare wa kichwa bapa waliletwa na binadamu, na wanakula samaki wa asili mpaka wanawamaliza, hivyo kumtoa mmoja mtoni ni kuusaidia mto. Wamewahi kuvuliwa wa kilo 35 na zaidi. Tarehe 2 Juni 1932, kwenye kidimbwi cha Montgomery kilichoachwa na Ocmulgee, George Perry, kijana mkulima wa wakati ule wa njaa, alivua besi wa mdomo mkubwa wa kilo 10.09. Rekodi hiyo ya dunia haijapitwa kwa tofauti inayotambulika. Mwaka 2009 samaki wa Japani aliifikia tu. Perry na familia yake walimla samaki wao, na nawapongeza. Mtoni humo pia kuna sturjeni, samaki wa kale anayelindwa na sheria. Akinasa, mrudishe.

*Watoto na usalama.* Mkondo una nguvu, mamba wapo, na mtandao wa simu hukatika. Kwa watoto wadogo si pa kuanzia. Kwa vijana wenye jaketi, wakiwa na mtu anayeujua mto, ni shule nzuri.

*Safari.* Saa tatu au zaidi hadi sehemu za kati, saa nne na ushee hadi Darien. Bila boti au kayaki, utaona mto lakini hutaufaidi. Ukifika Darien pita Butler Island, ng'ambo ya daraja. Mifereji ya mashamba ya mpunga bado inaonekana, na bomba refu la matofali la kinu limesimama. Waliochimba mifereji hiyo walikuwa Waafrika watumwa, na Machi 1859 zaidi ya 400 kati ya watumwa wa mashamba ya familia ya Butler waliuzwa mnadani Savannah kwa siku mbili. Kwa mtu anayetoka Bagamoyo au Ujiji, kusimama pale kuna uzito wake, na watoto wakubwa waonyeshwe.

Mkitaka kuonja bonde hili bila safari ndefu, hifadhi ya Panola Mountain, kusini-mashariki mwa Atlanta, ina ziwa dogo la kuvulia. South River inayopita karibu ni tawi la juu la bonde hili hili. Uiache ikishanyesha, kwani DeKalb imekuwa ikisumbuliwa kwa miaka mingi na maji taka yanayofurika kutoka kwenye mabomba yake.

*Panamfaa nani.* Mvuvi wa kambare mwenye boti au rafiki mwenye boti, na mpenda historia.

4. Okefenokee, chanzo cha Suwannee na St. Marys

*Maji.* Ni kinamasi cha takriban kilomita za mraba 1,770 kwenye mpaka wa Florida, kimehifadhiwa tangu 1937. Maji ni meusi kama chai kwa sababu ya tanini ya majani na mboji, lakini si machafu. Mengi yake hutoka kwa mto Suwannee kwenda Ghuba. Kiasi kidogo hutoka kwa St. Marys kwenda Atlantiki. Katika miaka ya 1890 kampuni moja ilichimba mfereji ili ikikaushe ikate miti. Ikafilisika, na mfereji huo leo ndio njia ya boti za watalii.

*Samaki.* Ruksa kuvua, na wapo. Ila mito myeusi ya kusini hukusanya zebaki kwenye samaki walao wenzao, kwa hiyo usije hapa kwa ajili ya kitoweo.

*Watoto na usalama.* Kuogelea ni marufuku, na ukiona idadi ya mamba hutahitaji kushawishiwa. Ajabu ni kwamba hilo linaurahisishia mzazi: watoto wanakaa ndani ya boti na mwongozaji, wamevaa majaketi, na macho yao yana kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Kulisha mamba ni kosa la jinai.

*Safari.* Saa nne na nusu hadi tano. Kuna milango mitatu, Folkston, Waycross na Fargo. Ule wa Fargo, kwenye bustani ya Stephen C. Foster, una vibanda vya kulala ndani kabisa ya kinamasi. Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Kiangazi ni joto, mbu na nzi wanaouma.

*Panamfaa nani.* Mzee aliyekuja kututembelea, ambaye hataki kupanda mlima wala kuogelea. Mwanafunzi wa sayansi. Hapamfai anayetaka kuchoma nyama huku watoto wakirushiana maji.

Na Flint je?

Flint inaanza chini na kando ya uwanja wa ndege wa Hartsfield-Jackson, mahali wengi wetu tulikotua mara ya kwanza Georgia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jimmy Carter, akiwa gavana, aliukataa mradi wa bwawa la Sprewell Bluff, na hadi leo zaidi ya kilomita 300 za mto huu zinatiririka bila kuzuiwa. Sprewell Bluff ni saa moja na nusu tu, ina mawe, mchanga na maji mafupi wakati wa kiangazi. Kwa siku moja bila msongamano, inaishinda Lanier. Usiende mto ukiwa umejaa. Mafuriko ya Julai 1994 yaliua watu zaidi ya 30 Georgia, mengi yakiwa kwenye Flint na Ocmulgee.

Kwa hali yako

Una siku moja na watoto wadogo: Lanier kwa kufika mapema, katikati ya wiki ikiwezekana, au Sprewell Bluff mto ukiwa chini.

Una watoto wengi wasiojua kuogelea na watu wazima wachache: ahirisha maji ya wazi. Anza na Panola mkivua ukingoni, huku mkiwaandikisha watoto masomo ya kuogelea kwenye bwawa la kaunti.

Mnapanga mkusanyiko wa familia tano: Clarks Hill, kibanda au mahema, na mwekeane zamu za kutazama watoto kwa majina, iandikwe kwenye karatasi.

Unataka samaki wa kula: kambare wa Altamaha ukiwa na boti, Clarks Hill ukiwa huna.

Bibi au babu amekuja kutoka nyumbani kwa miezi ya baridi: Okefenokee, Februari au Machi, mlale Fargo usiku mmoja, kisha mpite Darien kabla ya kurudi Atlanta.

Una fimbo mpya, alfajiri moja tu, na kazi inaanza saa nane mchana: leseni ya trauti, nguo nzito, jaketi, na Chattahoochee chini ya Buford, baada ya kuangalia ratiba ya kufungulia bwawa.